Mitishamba na Vijidudu: Vipi Hujulikana Kwamba Dawa Inaua Bakteria?



Kila tunapofika katika mlango wa twahara na kusoma habari za mswaki, hakosekani mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kuuliza: Ustadh, ni kweli mswaki unaua vijidudu? Mwingine hudakia: na habasoda je? Na mwarobaini? Maswali haya si ya kupuuzwa, hasa kwetu sisi wa Gerezani. Ukitoka hapa kuelekea Kariakoo huendi hatua nyingi kabla hujakutana na meza ya chupa na unga wa mizizi, na spika inayorudia maneno yale yale tangu asubuhi: dawa hii inatibu U.T.I., taifodi na vidonda vya tumbo, na imethibitishwa kitaalamu. Wengi wenu mnapita hapo kila siku, na baadhi yenu hutumwa na wazazi kununua. Kwa hiyo katika toleo hili tumeona tulieleze neno hilo "imethibitishwa": anayethibitisha hufanya nini hasa, na akishapata jibu, jibu hilo linasema nini na halisemi nini.

Kwanza tuweke msingi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi ila ameyaletea na dawa yake. Katika mapokezi mengine, ambayo Imam Ahmad ameyatoa kwa Ibn Mas'ud (R.A.), imeongezwa kuwa dawa hiyo wapo wanaoijua na wapo wasioijua. Wengi huishika sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Kuwepo kwa dawa ni jambo moja, kuijua ni jambo jingine, na kujua hutafutwa.

Matabibu wa Kiislamu wa zamani walilielewa hili vizuri. Abu Bakr Al-Razi, aliyefariki karibu na mwaka 925, ameandika katika Al-Hawi kwamba katika ugonjwa mmoja wa uvimbe wa ubongo aliwatibu wagonjwa wa kundi moja kwa kuwatoa damu, na kundi la pili aliliacha makusudi bila ya kulitoa damu, ili apate kulinganisha. Ibn Sina (980–1037) naye, katika juzuu ya pili ya Al-Qanun, ameweka masharti saba ya kuijaribu dawa. Miongoni mwake ni kwamba ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine. Kwamba athari yake ionekane kila mara au mara nyingi, kwani inayoonekana mara moja tu huenda ni bahati. Na kwamba mwisho ijaribiwe kwa mwanadamu, kwa kuwa lililomfaa simba au farasi si lazima limfae mtu. Masharti haya yana umri wa miaka elfu moja. Yashikeni, tutayarudia.

Bakteria ni nani

Bakteria ni viumbe hai wa seli moja, wadogo kiasi kwamba wale wa aina ya stafilokokasi, wanaoleta majipu, ukiwapanga elfu moja kwa mstari mmoja ndipo utapata urefu wa milimita moja hivi. Wengi wao hawana madhara, na wengine wanatusaidia tumboni. Wachache ndio wanaoleta taifodi, kipindupindu, kifua kikuu na usaha wa vidonda.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hulichanganya. Malaria hailetwi na bakteria, huletwa na kimelea kinachobebwa na mbu. Mafua huletwa na virusi. Utando mweupe unaoota ulimini kwa watoto wachanga na wagonjwa dhaifu huletwa na fangasi. Kwa hiyo anayesema chupa yake inatibu malaria, mafua na taifodi kwa pamoja anadai kuwapiga maadui wa aina tatu kwa fimbo moja. Si muhali kwa uwezo wa Allah, lakini mwenye dai kubwa hivyo ana wajibu wa kuleta ushahidi mkubwa.

Ndani ya maabara

Tuchukue mwarobaini, mti ambao kila mmoja wenu anaujua kwa uchungu wake. Tuseme mtafiti anataka kujua kama majani yake yanaua bakteria. Kazi yake haianzii maabara bali chini ya mti. Huchuma majani, na pamoja nayo hukata tawi lenye maua au matunda, akalibana katikati ya karatasi likauke, kisha akampelekea mtaalamu wa mimea alitambue na kulipa jina la kitaalamu, ambalo kwa mwarobaini ni Azadirachta indica. Tawi hilo huwekwa kwa namba ili atakayetilia shaka miaka ishirini baadaye aende akalitazame mwenyewe. Msione kuwa ni mapambo. Nchi yetu ina makabila zaidi ya mia moja. Mti mmoja una majina matano, na jina moja lina miti mitatu. Chupa nyingi za mitaani hazina jina la mti kabisa, na hapo hakuna cha kupimwa wala cha kulinganishwa.

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa. Kulowekwa katika nini? Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Viini vya mmea havifanani: vingine huyeyuka katika maji, vingine katika spiriti, vingine katika mafuta tu. Bibi zetu huchemsha majani kwa maji, na maabara nyingi huloweka kwa methanoli au ethanoli. Kinachotoka katika chungu cha bibi si kile kinachotoka katika chupa ya maabara, ijapokuwa jani ni moja. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mti fulani umepimwa na ukaua bakteria, uliza ulilowekwa katika nini, kisha uliza wewe unauziwa uliolowekwa katika nini.

Mfano mkubwa wa jambo hili unatoka China, na unahusu malaria, si bakteria, lakini funzo ni lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti mmoja mwanamke aitwaye Tu Youyou alikuwa akiupima mmea wa atemisia kwa panya wenye malaria, na majibu yalikuwa hayatulii: mara unafaa, mara haufai. Akarudi katika kitabu cha tabibu wa kale Ge Hong, cha miaka kiasi cha 1,600 iliyopita, akaona humo kwamba mmea ule ulilowekwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akatambua kwamba moto ndio unaoiharibu dawa. Alipotumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, kiini kikatoka kizima. Kiini hicho ndicho kilichozaa dawa ya mseto mnayopewa hospitali mkiugua malaria, na mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Tunapenda kisa hiki kwa sababu kinawajibu watu wa aina mbili: wanaodharau vitabu vya kale, na wanaodhani kuvisoma tu kunatosha.

Baada ya kulowekwa, maji yale huchujwa, spiriti huvukizwa kwa mashine isiyounguza, na kinachobaki chini ni kama lami ya kijani au ya hudhurungi. Hicho ndicho kiini. Hupimwa kwa mizani, ili kila hatua inayofuata ijulikane ni miligramu ngapi. "Kijiko kimoja" na "fungu moja" si vipimo hapa.

Sasa huja kisahani. Ni kisahani bapa chenye kifuniko, na ndani yake humiminwa chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa aga, kitu kama jeli kinachotolewa katika mwani. (Mwani huo si huu unaolimwa Paje na Jambiani, wa Zanzibar hutoa kitu cha jamaa yake, kinachotumika zaidi viwandani kuzitia vyakula uzito.) Bakteria wanaotumika nao si wa kuokota. Zipo jamii zinazotunzwa kwa namba duniani kote, kama Escherichia coli namba ATCC 25922 na Staphylococcus aureus namba ATCC 25923, ili aliyepima Dar es Salaam na aliyepima London wawe wamepima kitu kimoja. Huchanganywa na maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na ule wa chupa ya mfano, ambao ni kiasi cha bakteria milioni 150 katika mililita moja, kisha hupakwa juu ya aga kwa pamba safi.

Juu yake huwekwa vipande vya karatasi vya mviringo, upana wake milimita 6, vilivyodondoshewa kiini. Kisahani hufungwa na kuwekwa katika kabati lenye joto la nyuzi 35 mpaka kesho yake. Asubuhi bakteria huwa wameota wakafunika aga yote kwa utando. Kama kiini kina nguvu, kuizunguka karatasi kutakuwa na duara tupu ambamo hakikuota kitu. Mtafiti huchukua rula, akapima upana wa duara hilo kwa milimita, akaandika.

Ukiona picha ya duara hilo katika gazeti au kwenye simu, tazama kama kuna karatasi nyingine mbili karibu yake, maana bila ya hizo kipimo hakina thamani. Moja hutiwa spiriti peke yake bila ya kiini. Ikiwa nayo imetengeneza duara, basi muuaji ni spiriti, na mwarobaini umesingiziwa. Ya pili hutiwa antibiotiki inayojulikana, kama gentamaisini, ili tujue kwanza kwamba bakteria hao wanauawa na dawa ya kawaida. Hilo ndilo kundi la Al-Razi aliloliacha bila ya kulitibu, limeingia katika kisahani. Kisha kazi yote hurudiwa mara tatu au zaidi, na hapo mkumbuke sharti la Ibn Sina la athari isiyokuwa ya bahati.

Duara kubwa, hata hivyo, si lazima liwe la dawa kali zaidi. Kiini chepesi husambaa mbali katika aga, na kizito chenye mafuta hukwama pale pale kilipodondoshewa ijapokuwa kina nguvu. Kwa hiyo hufuata kipimo cha pili, na kwa maoni yetu hiki ndicho chenye maana zaidi. Hutumika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kishimo cha kwanza hutiwa kiini cha kiwango fulani, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu, na kuendelea, kisha bakteria hutiwa katika vyote. Mwishoni hutiwa rangi ambayo hugeuka nyekundu pale palipo na bakteria hai. Kishimo cha mwisho ambacho hakikugeuka ndicho kinachoonyesha kiwango kidogo kabisa kinachowazuia bakteria wasiote.

Hapa ndipo madai mengi huanguka. Gentamaisini huizuia ile E. coli tuliyoitaja kwa kiasi cha robo mpaka mikrogramu 1 katika mililita. Viini vingi vya mimea huhitaji mikrogramu mia kadhaa, au elfu, au maelfu. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Hispania, Ríos na Recio, walishauri kwamba kiini kinachohitaji zaidi ya mikrogramu 1,000 katika mililita kisihesabiwe kuwa na nguvu ya maana, kwani kwa wingi huo karibu kila kitu huwadhuru bakteria. Hata ndimu itatengeneza duara, kwa ukali wake tu. JIK itatengeneza duara kubwa kuliko vyote, na hakuna anayeinywa.

Mswaki na waganga wa Pwani

Turudi kwenye swali la mlango wa twahara. Mswaki tunaouzwa nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa ni mzizi au tawi la mti uitwao kitaalamu Salvadora persica, na mti huo unaota hata katika sehemu kavu za nchi yetu. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Abier Sofrata, walitoa utafiti ambao hawakuloweka kitu katika spiriti. Walichukua vipande vya mswaki wenyewe. Vingine wakavichomeka ndani ya aga, na vingine wakavining'iniza juu ya kisahani bila ya kugusa. Bakteria wanaoharibu fizi walizuiwa sana, na ajabu ni kwamba mswaki usiogusa aga ulifanya kazi sawa na ule uliochomekwa, pengine zaidi. Maana yake ni kwamba kinachoua kinaruka hewani, kama harufu. Mwaka 2011 watafiti hao walikitaja kiini hicho: ni benzili isothiosianati, jamaa wa kile kinachokuwasha pua unapokula haradali. Aliyewahi kutafuna mswaki mbichi anaijua ladha hiyo.

Lakini someni na upande wa pili. Bakteria wanaotoboa meno, kama Streptococcus mutans, walizuiwa kidogo tu, na wale waitwao laktobasilasi kidogo zaidi. Kwa hiyo utafiti huo hauwapi ruhusa ya kula pipi halafu kutegemea mswaki. Na kwa kuwa kiini kinaruka, kijiti kilichokaa mfukoni mwezi mzima kikawa kama kuni hakiwezi kutarajiwa kuwa na nguvu ya mbichi. Kata ncha ya zamani, menya, anza nyuzi mpya.

Tungependa kuongeza neno moja kwa wale wanaofurahi kupita kiasi. Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba mswaki unasafisha kinywa na unamridhisha Mola, na kwamba lau si kuuonea uzito umma wake angeuamrisha kwa kila swala. Sunna hiyo ilisimama kabla ya kisahani na ingesimama hata kama kisahani kingekuwa kitupu. Anayeifunga sunna kwenye matokeo ya maabara ameifunga kwenye kitu kinachobadilika kila inapotoka karatasi mpya.

Hapa kwetu, kazi ya kuzipima dawa za asili ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wataalamu wake wamezunguka mikoani wakikaa na waganga na kuandika. Mwaka huo huo wa 1991, Chhabra na Uiso walichapisha utafiti wao kuhusu mimea ya Tanzania inayotumika katika tiba za asili na uwezo wake wa kuua bakteria.

Utafiti tunaoupenda zaidi ni wa mwaka 2006, wa Deborah Runyoro na wenzake wa Muhimbili. Walipata mimea 56, mingine kutoka vitabuni na mingine kwa kuwahoji waganga, wakaipima kwa fangasi aitwaye Candida albicans, huyo huyo wa utando mweupe ulimini ambaye tumemtaja. Fangasi si bakteria, lakini njia ya kupima ni ya jamii moja. Katika mimea 56, mimea 27 ilionyesha kumzuia, na mitatu kati yake kwa nguvu kubwa: magamba ya mizizi ya Albizia anthelmintica na ya Balanites aegyptiaca, na mizizi ya Plectranthus barbatus.

Tafakarini hesabu hiyo, 27 katika 56. Anayesema waganga wanabahatisha tu amejibiwa, kwani kuokota majani ovyo porini hakutarajiwi kuleta karibu nusu. Na anayesema kila kilichotoka kwa wazee ni dawa amejibiwa pia, maana mimea 29 haikuonyesha kitu. Hata hiyo 29 haijahukumiwa moja kwa moja. Huenda kiini chake hakikuyeyuka katika methanoli na maji waliyotumia, au inamsaidia mgonjwa kwa njia nyingine isiyoonekana katika kisahani. Kisahani hujibu swali uliloliuliza tu.

Kutoka kisahani hadi mwilini

Sasa tufanye hesabu, na msichoke. Tuseme kiini cha majani fulani kinawazuia bakteria kwa miligramu 1 katika mililita, yaani mikrogramu 1,000, ule mpaka wa Wahispania. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, sawa na mililita 5,000. Ili damu yake ifikie kiwango cha kisahani, panahitajika miligramu 5,000, yaani gramu 5 za kiini, zote ziwe ndani ya damu kwa wakati mmoja. Tukichukulia kwamba gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za kiini, hayo ni majani makavu gramu 50. Lakini dawa haikai katika damu peke yake. Mwili una maji kiasi cha lita 40, na dawa husambaa humo. Kwa lita 40 tunahitaji gramu 40 za kiini, na majani makavu gramu 400, karibu nusu kilo, kwa dozi moja. Na hapo tumejifanya kwamba tumbo linafyonza chote na ini haliharibu kitu, jambo ambalo halitokei. Ule mfuniko wa chupa asubuhi na jioni umefika wapi?

Ndiyo maana sisi hutofautisha dawa inayomgusa kijidudu mahali alipo na ile inayopaswa kusafiri. Mswaki unagusa ufizi. Dawa ya kupaka inagusa kidonda. Hapo kisahani kinafanana na mwili kwa kiasi kikubwa, na jibu lake linakaribia ukweli. Bakteria wa taifodi wameshaingia katika damu, na duara la kisahani liko mbali sana nao.

Kisha kuna suala la sumu. Linalomuua bakteria laweza kumuua na mwenye bakteria. Kipimo rahisi kinachotumika hata Muhimbili ni cha viduduwachanga wa majini, jamaa wadogo wa kamba, ambao huanguliwa katika maji ya chumvi kwa siku moja au mbili. Hutiwa kiini cha viwango mbalimbali, na kesho yake huhesabiwa waliokufa. Ni kipimo cha mlangoni tu, baadaye hufuata panya na mwisho binadamu, kwa idhini na usimamizi. Ibn Sina aliitaja safari hiyo aliposema kuhusu simba na farasi.

Mwarobaini wenyewe unatupa onyo. Mwaka 1981 madaktari Sinniah na Baskaran walieleza katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga wa Malaysia walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa maradhi madogo madogo, wakapata kutapika, degedege na kuharibika ini na ubongo. Mti ni ule ule tunaosimama chini ya kivuli chake. Wanaosema kwamba dawa ya asili haina madhara kwa kuwa ni ya asili wajiulize kuhusu mbegu za mbono na mizizi ya muhogo mchungu, nazo ni za asili.

Kwa nini tumerefusha maneno hivi katika gazeti la madrasa? Kwa sababu ya utafiti mwingine wa Muhimbili, usiokuwa wa mimea. Tangu Agosti 2001 hadi Agosti 2002 wataalamu waliwafuatilia watoto wa umri wa hadi miaka 7 waliolazwa pale wakiwa na dalili za maambukizi makali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Katika waliokutwa na bakteria wa kundi linaloitwa gramu-hasi ndani ya damu, kiasi cha 43 kati ya kila 100 walifariki. Kwa waliokuwa na malaria ilikuwa 20 hivi kati ya 100. Na moja ya sababu kubwa ilikuwa bakteria hao kuwa sugu kwa antibiotiki walizopewa.

Tunaona mambo mawili katika hesabu hiyo. La kwanza, dawa mpya zinahitajika kweli, na huenda moja yao imo porini kwetu ikisubiri kijana aliyesoma kemia na biolojia vizuri. Tunawaambia hasa wale wanaodhani kwamba mwanafunzi wa madrasa hahusiki na maabara. La pili ni zito zaidi. Mtoto mwenye bakteria ndani ya damu hana wiki mbili za kujaribiwa chupa. Ana siku chache, pengine saa.

Kuhusu habasoda, tunajua mnasubiri. Hadithi yake ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, kwamba ndani yake mna ponyo kwa kila ugonjwa isipokuwa mauti. Maabara nazo zimeona kiini chake kiitwacho thimokwinoni kikiwazuia baadhi ya bakteria, hasa wa aina ya stafilokokasi. Lakini maana ya "kila ugonjwa" wanazuoni waliijadili karne nyingi kabla ya maabara. Al-Khattabi, kama alivyonukuliwa na Ibn Hajar katika Fathul Bari, aliona kuwa ni tamko la jumla lenye makusudio mahususi, yaani maradhi yanayotokana na unyevu kwa mujibu wa utabibu wa zama zao, kwa kuwa hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kutibu. Wapo waliolichukua tamko kwa ujumla wake, nao wana hoja zao. Hatujamwona katika wote hao aliyesema mgonjwa azuiwe dawa nyingine kwa sababu ana habasoda.

Muuzaji naye ana hukumu yake. Imepokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu yake, basi yeye ni mdhamini, yaani madhara yakitokea anabeba dhamana. Mafakihi wameijengea hadithi hii mlango mzima. Katika sheria za nchi, tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na lipo Baraza linalosajili waganga. Mwenye meza ya chupa anaweza kuulizwa kwa adabu kama amesajiliwa. Aliyesajiliwa hakasiriki.

Basi ukitumwa dawa, soma chupa. Tafuta jina la mti, sehemu iliyotumika, kipimo, tarehe na jina la aliyetengeneza. Ukikosa hayo, rudi na pesa, mwambie mama kwa upole sababu yake. Na kama nyumbani kuna mtoto mwenye homa kali, amelegea, hanyonyi au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa ameshapewa mitishamba, daktari aambiwe bila ya kuona haya ni mti gani, kiasi gani na tangu lini, na chupa yenyewe ibebwe.